Shafti ya pikipiki na maji: uzibe, utoboe au upake grisi?

Mwenye bodaboda ya cheni huiona kutu asubuhi kabla hata hajawasha. Cheni iko wazi. Ikilala nje usiku mmoja wa mvua, kesho yake ina rangi ya udongo, na fundi yeyote wa kijiweni atakuambia uipake oili. Sisi wenye pikipiki za shafti, yaani mhimili wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma badala ya cheni, hatukazi cheni wala hatubadilishi sproketi, na kwa hilo tunashukuru. Ila chuma chetu kimefichwa ndani ya bomba la alumini. Kutu ikianza humo hakuna anayeijua mpaka pikipiki ianze kugonga kila unapoachia klachi, au shafti ikatike ukiwa kwenye mwendo, mbali na nyumbani.

Ninazozifahamu kwa mikono yangu ni BMW za GS (pikipiki zao za safari za lami na vumbi), kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya pikipiki hizo. Mwenye Moto Guzzi, Yamaha Super Ténéré au Honda ya shafti atayakuta mambo yaleyale, ingawa namna ya kufungua inatofautiana.

Jua kwanza shafti yako ni ya oili au ni kavu

BMW walianza na shafti kwenye pikipiki yao ya R32 mwaka 1923. Tangu katikati ya miaka ya 1950 shafti ilizunguka ndani ya bomba lenye oili, na hata R80G/S ya mwaka 1980 ilikuwa hivyo. Kama unayo moja ya hizo, shida yako ni ndogo. Chuma kinachooga oili hakishiki kutu kirahisi, na maji yakiingia utayaona siku ya kumwaga, kwani oili itatoka na rangi ya maziwa. Badilisha oili, tafuta sili iliyochoka, basi.

Mambo yaligeuka ulipokuja muundo wa Paralever kwenye R100GS, mwishoni mwa miaka ya 1980. Shafti ikawekewa krosi mbili, yaani viungo vya kukunjika, moja mbele na moja nyuma, ili difu (gia ya mwisho kwenye gurudumu la nyuma) lisiinue sehemu ya nyuma ya pikipiki kila unapoongeza moto. Ni ubunifu mzuri sana, na anayeendesha anausikia. Lakini bomba likabaki kavu: ndani mna shafti na hewa, na pale mbele na nyuma panapokunjika pamezibwa kwa buti la mpira. GS zilizofuata zilirithi bomba hilo kavu. Yote yaliyobaki katika makala haya yanawahusu wenye shafti ya namna hiyo.

Maji hupita wapi

Watu wengi hulaumu buti lililochanika, na mara nyingi hawakosei. Lakini nimeshafungua mabuti mazima kabisa nikakuta maji. Sababu ni joto. Umetoka safari ndefu, difu na mkono wa nyuma, yaani lile bomba la shafti linalobeba gurudumu, vimepata moto, kisha unaingia mtoni au kwenye barabara iliyofurika. Lita moja ya hewa yenye nyuzi 80 ikipozwa ghafla hadi nyuzi 30 husinyaa kwa takriban mililita 140. Nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu, na kama ukingo wa buti umezama, kitakachovutwa ndani ni maji. Hayahitaji tundu, mdomo wa buti uliolegea kidogo unatosha.

Njia ya pili ni mashine ya presha ya kuoshea magari. Kijana anaona tope limeganda kwenye mikunjo ya buti, anasogeza mdomo wa mashine karibu, na maji yanapenya chini ya klampu. Mwambie aoshe sehemu hiyo kwa ndoo na brashi. Njia ya tatu ni unyevu wenyewe. Kwetu pwani hewa ina maji na chumvi, na bomba linalopoa kila usiku hukusanya umande ndani hata kama pikipiki haijawahi kuvuka mto.

Mimi nilifundishwa na R1200GS niliyoinunua ikiwa imetumika. Fundi aliyeihudumia kabla yangu hakuirudisha klampu ya buti la nyuma kwenye mfereji wake, ilikuwa imekalia ukingo tu. Nilipita kwenye maji mara mbili masika yale, yakafika usawa wa ekseli. Nilipolivuta buti miezi kadhaa baadaye yalimwagika maji ya kahawia kama nusu kikombe cha chai, na meno ya shafti yalikuwa na unga mwekundu kama tofali lililosagwa.

Vitu viwili vinavyooza, na kwa nini havina dawa moja

Kabla ya kulinganisha lolote, litenganishe jambo hili, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Kuna meno ya shafti, yaani ile mifereji iliyochongwa ambayo huingia kwenye difu na kuteleza kidogo kila mkono wa nyuma unapopanda na kushuka. Mtikisiko huo mdogo, maelfu kwa maelfu ya mara, huusaga utando unaolinda chuma. Oksijeni na maji hukigusa chuma kipya, kinapata kutu, kutu inasagwa, na unga wake unakuwa kama msasa. Ndiyo maana unga mwekundu unaweza kuonekana hata pasipoingia maji mengi. Meno yanafikika kwa mkono na yanapakika grisi.

Halafu kuna krosi, zenye beringi za sindano ndani ya vikombe vilivyofungwa moja kwa moja kiwandani. Kwenye shafti za GS hazina niple ya kupigia grisi. Unaweza kuzipaka grisi ya bei yoyote kwa nje na sindano zisionje hata chembe. Maji yakishapita kasili kake kadogo, kutu inavimba, kwani huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na krosi inaanza kukwama. Shafti zinazokatika nyingi huanzia hapo.

Kwa hiyo grisi ni dawa ya meno, na krosi dawa yake ni ukavu. Anayekuuzia kopo la grisi akakwambia limemaliza tatizo la shafti amekutibu nusu.

Kuziba au kutoboa

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuziba. Buti jipya, klampu mpya iliyokaa kwenye mfereji wake, ukingo wa mpira umepakwa grisi ya silikoni ya mpira ili ukae vizuri na usikauke: hilo ni sahihi na halina mjadala. Mjadala unaanza mtu anapotoa tyubu ya silikoni ya kugundishia na kuzungusha mdomo mzima wa buti.

Siipendi njia hiyo. Silikoni ile ya bei nafuu yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo ni adui wa chuma unachojaribu kukilinda. Isitoshe, silikoni ikishajaza mfereji buti halikai tena mahali pake, na anayefuata kufungua atalichana. Kosa kubwa zaidi ni kwamba bomba lililozibwa halizuii umande, na maji machache yaliyoingia hayana pa kutokea. Unapika chuma kwa mvuke kila siku ya jua. Pia, ukishagundisha hutafungua, maana ni kazi na uchafu, na shafti isiyofunguliwa ndiyo inayooza.

Njia ya pili ni kuyapa maji pa kutokea. Mkono wa nyuma wa GS umeinama kuelekea nyuma, hivyo maji hukusanyika karibu na buti la nyuma. Wenye pikipiki za zamani hutoboa tundu dogo la milimita 5 hivi sehemu ya chini kabisa ya bomba, au hukata tundu kwenye mkunjo wa chini wa buti lenyewe. Mimi nilichagua buti. Nikikosea ninabadilisha kipande cha mpira tu, mkono wa alumini unabaki mzima, na hakuna vumbi la alumini linaloingia kwenye krosi. Anayetoboa bomba aivue shafti kwanza na azuie ncha ya keekee isizame ndani.

Wapinzani husema tundu litaingiza maji mtoni. Ni kweli litaingiza. Lakini yale yaliyoingia kwa tundu yatatoka kwa tundu dakika chache baada ya kuvuka, na upepo wa mwendo utakausha yaliyobaki. Yaliyovutwa kupitia mdomo wa buti hukaa miezi. Ukijua utavuka maji marefu, weka kizibo kidogo cha mpira na ukitoe ng'ambo. Vumbi nalo linaingia, kidogo, na hilo ni gharama ninayokubali.

BMW wenyewe walielekea upande huu. Mwaka 2022 walitangaza kampeni ya huduma kwa GS za kizazi kilichoanza 2013, zile zenye injini ya kupozwa kwa maji: shafti ikaguliwe, mkono wa nyuma uwekewe kipumulio sehemu ya chini ili unyevu utoke, na shafti ibadilishwe kila kilomita 60,000. Kama yako ni ya kizazi hicho usitoboe kitu. Peleka namba ya fremu kwa wakala uulize kama kazi hiyo imeshafanyika. Kwa pikipiki iliyonunuliwa kwa mtu na kuvushwa mipaka miwili mitatu, mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Grisi nne zikiwekwa pamoja

Kwa upande wa meno, hivi ndivyo ninavyozipima:

| Grisi | Maji ya mvua | Maji ya chumvi | Kusagana kwa meno | Kuipata |
|---|---|---|---|---|
| Ya beringi, ya lithiamu | Wastani | Hafifu | Wastani | Kila duka la spea |
| Pesti ya molibdenamu | Hafifu hadi wastani | Hafifu | Bora kabisa | Kwa kuagiza |
| Ya meli, ya kalsiamu salfoneti | Bora | Bora | Nzuri | Maduka ya boti, au kuagiza |
| Pesti ya shaba | Wastani | Hafifu | Haifai | Rahisi |

Ya shaba niiondoe haraka. Imetengenezwa ili bolti za breki na za egzosi zisishikane kwa joto, na meno yanayoteleza hayaihitaji.

Ya lithiamu haistahili dharau inayopewa. Ukiifungua shafti kila mwaka, ukasafisha na kupaka upya, itakuhudumia vizuri. Udhaifu wake ni kwamba maji yakikaa huisukuma pembeni taratibu, na mzunguko wa shafti huirusha kwenye kuta za bomba. Mwenye kufungua kila baada ya miaka mitatu asiitegemee.

Pesti ya molibdenamu ndiyo yenye sifa kubwa, na ina haki yake. Honda huitaka kwenye meno ya gurudumu la nyuma la pikipiki zao za shafti kila tairi linapovuliwa, na kwa pikipiki hizo, ambazo meno yamefunikwa vizuri na yana mpira wa kuzuia maji, usibishane na kitabu. Molibdenamu ni punje bapa zinazokaa katikati ya chuma na chuma na kubeba mzigo hata mafuta yakishakauka. Lakini kubeba mzigo na kufukuza maji ni kazi mbili. Pesti iliyojaa punje ina mafuta machache ya kufunika chuma, na penye maji ya kudumu nimeona meno yaliyopakwa pesti nzito yakiwa meusi juu na mekundu chini.

Grisi ya kalsiamu salfoneti ndiyo ninayoitumia. Inapendwa kwenye mashine za meli na boti kwa sababu haioshwi kirahisi, inavumilia chumvi, na uwezo wake wa kuzuia kutu umo kwenye sabuni yenyewe (kile kinachoyagandisha mafuta kuwa grisi), si dawa iliyoongezwa juu. Inabeba mzigo vizuri pia, na zipo zilizochanganywa na molibdenamu kidogo, ambazo kwa shafti kavu ya pwani naona ndizo zinazofaa kuliko zote. Tatizo ni kuipata. Ulizia wanaohudumia injini za boti kabla hujaenda duka la pikipiki, na soma maandishi kwenye kopo. Rangi si ushahidi. Nyekundu, bluu na kijani ni rangi za kiwanda tu, na grisi mbili za bluu zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna grisi za zamani za sodiamu zinazoyeyuka zikikutana na maji. Ukiwa na kopo la zamani lisilo na maelezo, liache.

Usipake mpya juu ya ya zamani. Baadhi ya grisi zikichanganyika hulainika na kutiririka, hasa zile za udongo wa bentonaiti au za poliyurea zikikutana na za lithiamu. Safisha meno kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka chuma kiwe cheupe, kausha, kisha paka tabaka jembamba pande zote mbili. Ukipaka nyingi itarushwa na kuishia kwenye buti, ikinasa mchanga.

Kukagua au kubadilisha kwa kilomita

Hapa wapo wanaosema: shafti ni chuma kinachochakaa kama tairi, ibadilishe ikifika kilomita zake usahau. Kwa anayepata shafti bila malipo kwenye kampeni, sawa kabisa. Kwa sisi wengine, shafti moja ni fedha za huduma nyingi, na kilomita hazijui ulikopita. Shafti ya kilomita 25,000 iliyopita mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, inaweza kuwa mbaya kuliko ya kilomita 80,000 iliyoishi Dodoma.

Kukagua si kazi ya kutisha. Kwenye R1200GS za kupozwa kwa hewa na oili, za kuanzia 2004, unatoa gurudumu, unaining'iniza kalipa ya breki bila kuvuta hozi, unailegeza klampu ya buti, unalitegemeza difu, unatoa bolti ya fimbo ya juu inayolishikilia difu, na difu linashuka lenyewe kwenye pivoti zake. Meno yako mbele ya macho. Anayeijua kazi anamaliza asubuhi moja. Mimi hutumia kipimo cha kilomita 20,000 au mwaka mmoja, lolote litangulie.

Yaone mambo matatu. Maji au matone yoyote ndani ya bomba. Unga mwekundu kwenye meno, au ncha za meno zilizochongoka kama kisu. Kisha krosi: ishike shafti, ipinde polepole pande zote nne. Inapaswa kwenda laini kama kiungo cha mtoto. Ukisikia vipingili, kana kwamba inaruka kutoka shimo hadi shimo, au ukiona unga wa kahawia ukitoka kwenye ukingo wa kikombe, shafti hiyo imekwisha hata kama meno yanang'aa. Usiipake grisi ukairudisha. Wapo mafundi wanaojenga upya shafti za GS za zamani kwa krosi zenye niple, na kwa mtu wa maji mengi hilo ni chaguo zuri, mradi kazi isawazishwe vizuri.

Ukilazimika kuichomoa shafti nzima, weka alama ya rangi kwenye meno kabla. Krosi mbili lazima zirudi zikielekeana kama zilivyotoka. Ukikosea meno machache pikipiki itatetemeka, na utaua krosi mpya kwa mikono yako.

Ningechagua nini kwa mazingira yako

Kama unaishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar: tundu kwenye mkunjo wa chini wa buti, grisi ya kalsiamu salfoneti, na kufungua kila mwaka. Wengi hufungua kabla ya masika ili wapake grisi mpya. Mimi hufungua Juni, masika yakiisha, kwa sababu maji yaliyoachwa humo ndiyo yanayokula chuma miezi yote ya kiangazi. Maji yakifika ekseli katikati ya msimu, usisubiri Juni. Vuta buti siku hiyohiyo au kesho yake, mwaga, acha wazi jioni moja.

Kama uko bara pakavu, vumbi ndilo adui wa kwanza. Buti zima bila tundu, grisi ya lithiamu, na kilomita 20,000 zinatosha. Ukipanga safari ya mitoni, toboa siku hiyo, si kabla.

Na kama unakaribia kununua GS iliyotumika, mwombe muuzaji akuruhusu kulivuta buti la nyuma mbele yake kwa dakika tano, ukiwa na tambara chini. Akikataa, ondoka. Likitoka maji, bei ya shafti mpya iondoe kwenye bei ya pikipiki kabla hujaanza kuzungumzia tairi na betri.